Siku Tatu Lubumbashi

Kwetu Kasenga, kandokando ya mto Luapula, mtu akisema anakwenda mjini haulizwi mji gani. Ni Lubumbashi. Samaki wetu hutangulia kufika huko, wabichi na wakavu, wamepangwa katika magunia juu ya malori yanayopita Kasomeno na kuacha nyuma yao vumbi ambalo wakati wa kiangazi halitui hadi jioni. Mimi nilizaliwa Kasenga, nikasoma hapo, na kazi ya ualimu ninaifanya hapo. Hadi mwezi wa sita wa mwaka 2025 nilikuwa nimefika mjini mara mbili tu, na mara zote mbili kwa ajili ya mazishi. Mke wangu hakuwa amefika kamwe.

Tulipokea sakramenti ya ndoa mwaka 2021. Baada ya arusi hatukusafiri popote, kwa sababu tulikuwa na deni la mbuzi wawili, na deni lilipokwisha akaja mtoto. Basi mke wangu alipoitazama kalenda ya parokia na kuona kwamba tarehe 29 Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo Mitume, inaangukia Dominika, na tarehe 30, sikukuu ya Uhuru, inaangukia Jumatatu, aliniambia, "Baba, kanisa kuu la Lubumbashi ni la Petro na Paulo. Twende tukawaone nyumbani kwao." Alilisema kwa kucheka, lakini nilijua kuwa alikuwa amelifikiri kwa siku nyingi. Mjomba wake anakaa Katuba na alikwisha kutualika zaidi ya mara tatu. Mtoto angebaki kwa bibi yake.

Tena kulikuwa na jambo la cherehani. Mke wangu anashona. Nguo nyeupe za watoto wa Komunyo ya Kwanza, ambazo wengi wenu mlizivaa, zimepita mikononi mwake, lakini alizishona kwa mashini ya kuazima, na mwenye mashini huchukua sehemu ya tatu ya malipo. Kwa muda wa miaka mitatu tuliweka akiba katika kasha la mbao lenye kufuli, chini ya kitanda. Ufunguo niliuweka mimi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, wala mimi sikujiuliza. Wiki moja kabla ya safari mke wangu alizibeba faranga zote hadi kwa wabadilishaji, akarudi na noti mbili za dola mia mia. Alikuwa amezichagua mwenyewe, akizishika juani moja baada ya nyingine, kwa kuwa mnajua jinsi wafanyabiashara wetu wanavyoikataa dola yenye mpasuko wa urefu wa ukucha, kana kwamba imetoka kaburini. Alizifunga katika karatasi ya daftari na kunipa nizitunze.

Sasa niseme kile ambacho yeye hakukijua. Tangu mwezi wa tano nilikuwa nikiandikiana kwa simu na mtu mmoja tuliyesoma naye, anayekaa Lubumbashi. Aliniambia kwamba katika kampuni moja inayofanya kazi za migodi kuna nafasi ya karani wa kuandika magari yanayoingia na kutoka, na kwamba yeye anamfahamu mwenye kuzigawa nafasi. Mshahara ulikuwa zaidi ya mara tatu ya wangu, nao unalipwa kila mwezi, jambo ambalo mwalimu akilisikia masikio yake husimama. Lakini ilitakiwa dola mia mbili: mia moja ya kufungua mlango, kama alivyosema, na mia moja siku ya kutia sahihi. Nilihesabu kwamba kufikia mwezi wa tisa ningekuwa nimeirudisha yote katika kasha, na cherehani ingenunuliwa nzuri zaidi. Nilihesabu vizuri, mimi ni mwalimu wa hesabu. Katika hesabu hiyo mke wangu hakuwemo.

Vijana wa parokia yetu wanakumbuka pia kwamba tarehe 15 Juni, Dominika mbili kabla ya safari, mimi ndiye niliyewasimulia habari za Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, aliyetangazwa siku hiyohiyo mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Niliwaeleza jinsi kijana huyo wa Goma, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, alivyofanya kazi ya kukagua vyakula mpakani. Jinsi alivyokataa fedha ili asiupitishe mchele uliooza. Na jinsi alivyouawa mwezi wa saba mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Mlinyamaza kimya. Mmoja wenu aliuliza kama alikuwa na mchumba. Mimi nilijibu maswali yenu yote, na ujumbe wa rafiki yangu ulikuwa katika simu mfukoni mwangu.

Tuliondoka Ijumaa jioni, juu ya lori la samaki. Ni kilomita zipatazo 200, nasi tulizimaliza alfajiri, mke wangu amejifunga vitenge viwili na blanketi, nywele zake zimekuwa nyekundu kwa vumbi kama za mzee aliyejipaka hina. Karibu na mji tuliwakuta wanaume wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makala, magunia matatu, hata manne, mtu haonekani nyuma ya mzigo wake isipokuwa miguu. Mke wangu aliwahesabu hadi thelathini akaacha.

Halafu tukauona mji. Kwanza ni bomba lile refu la moshi la kiwanda cha Gécamines, na pembeni yake mlima mweusi. Mke wangu aliuliza kama mlima huo uliungua na moto. Nilimweleza kwamba si mlima wa Mungu, ni mabaki ya madini yaliyoyeyushwa. Kwamba kiwanda kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kila kilichobaki kilimwagwa hapo mpaka kikawa mlima. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Na shaba yenyewe iko wapi?"

"Ilikwenda."

Hakusema neno tena mpaka tuliposhuka.

Mahali tuliposhuka vijana wenye pikipiki walitukimbilia. Mtu mmoja akatuambia, "Mchukue manseba, atawafikisha Katuba." Kwetu manseba ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama, mtu unayepiga goti mbele yake. Mke wangu akafurahi sana, akasema, "Kumbe Mjomba amekuja kutupokea!" na kuanza kumtafuta kati ya watu. Wale vijana walicheka hadi mmoja akaishika pikipiki isianguke. Huko mjini, kumbe, kila mwendesha pikipiki anaitwa manseba. Sijui ni nani aliyeanza kuwapa jina la heshima namna hiyo watu wanaokimbia namna hiyo. Lakini tulifika.

Baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa sita si ya kusimuliwa. Sisi tumezoea joto la bondeni. Hapo, asubuhi, maji ya kunawa yaliuma vidole. Mjomba alitupokea kwa bukari na sombe na samaki wale wale wa Luapula ambao mke wangu alikuwa amewabeba, akasema kwamba samaki aliyeletwa na mtu haonji sawa na aliyenunuliwa sokoni. Ni mzee aliyefanya kazi kwenye reli maisha yake yote, mjane, mwenye rozari ya mbao iliyong'aa kwa kushikwa. Alituambia kwamba wenyeji huuita mji wao Lubumbashi Wantanshi. Kwa Kibemba chetu ni yule wa kwanza, yule aliye mbele. "Mbele ya nani," akasema, "hilo hawajatuambia."

Jumamosi mchana tuligawanyika. Mke wangu alikwenda na shangazi mmoja wa jirani hadi soko la Kenya kutazama mashini. Mimi nilisema nakwenda katikati ya mji kumsalimu rafiki tuliyesoma pamoja, na kwamba pesa zibaki kwangu kwa sababu sokoni kuna wezi. Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli. Nimefundisha katekisimu miaka sita na ninajua kwamba mtu anaweza kudanganya kwa maneno ya kweli matupu, tena huo ndio uongo unaomkaa mtu kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Rafiki yangu alikutana nami karibu na uwanja wa Posta. Alikuwa amevaa koti zuri. Alinionyesha picha ya karatasi katika simu yake, orodha yenye majina, na mahali patupu ambapo jina langu lingeandikwa. Nilimpa noti ya kwanza. Aliishika juani, kama alivyofanya mke wangu, akaisifu kuwa ni safi.

Nilikuwa bado nimesimama hapo simu ilipolia. Mke wangu alikuwa akipaza sauti kushinda makelele ya soko. "Baba, nimeipata! Ina miguu yake na meza yake, haijachakaa. Anasema mia na sabini kwa sababu shangazi anamfahamu. Njoo na pesa!" Nilimwambia simsikii vizuri. Nilimwambia mtandao ni mbaya. Alirudia yote tangu mwanzo, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma, nami nikakata simu.

Jioni nilimwambia kwamba tutainunua Jumatatu kabla ya kurudi, kwa maana si vema kuibeba siku zote hizi. Alikubali. Alikuwa na furaha ambayo sikuweza kuitazama: alizungumza juu ya taa za barabarani, juu ya mwanamke aliyebeba televisheni kichwani, juu ya Kiswahili cha watu wa mji ambacho nusu yake ni Kifaransa na nusu iliyobaki ni mbio. Alisema, "Mtu akikaa hapa mwaka mmoja atasahau kutembea." Nilitafuta katika sentensi hiyo kama kulikuwa na dalili ya kwamba angependa kukaa. Sikuipata, wala sikuuliza.

Dominika tuliamka gizani ili tupate nafasi. Kanisa kuu lilikuwa limejaa hata hivyo, na wengine walisimama nje: mama wa vyama mbalimbali katika vitenge vya sare, watoto wa Kizito-Anuarite na mitandio yao, wazee wenye makoti ya zamani. Nilimweleza mke wangu kwa kunong'ona kwamba utume wa Katanga uliwekwa mikononi mwa wamonaki Wabenedikto tangu mwaka 1910, mwaka uleule ambao mji ulianzishwa, na kwamba mkuu wao, Jean-Félix de Hemptinne, ndiye baadaye aliyekuwa askofu wa kwanza hapo. Mwalimu haachi kufundisha. Yeye alikuwa akitazama juu, kwenye dari, mdomo wazi kidogo, na hakunisikiliza hata neno moja, nami nilimpenda sana wakati ule.

Somo la kwanza lilikuwa lile la Matendo ya Mitume, Petro akiwa gerezani, amefungwa minyororo miwili, analala kati ya askari wawili. Nimelisikia tangu utoto. Siku ile nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: kwamba walipofika kwenye lango la chuma, lilifunguka lenyewe. Hakuna aliyelipa chochote. Sisemi kwamba Mungu alinena nami. Pengine masikio ya mwenye hatia yanasikia milango kila mahali. Kisha Injili, ambamo Bwana anamuuliza Petro na wenzake yeye ni nani, halafu anazungumza juu ya funguo. Mahubiri sikuyasikia.

Wakati wa sadaka watu walitoka kwa mistari, wakicheza, ngoma zikipigwa, na mke wangu akaninyoshea mkono. "Nipe kitu cha kutolea." Mikono yangu ilikuwa na baridi, watu walikuwa wakinisukuma kutoka nyuma, na badala ya faranga nilizokuwa nimeziweka tayari, nilichomoa ile karatasi ya daftari. Ilifunguka. Ndani yake kulikuwa na noti moja.

Alitazama. Hakusema kitu. Aliirudisha karatasi katika mkono wangu, akanifunga vidole juu yake, akafungua pindo la kitenge chake na kutoa faranga mia tano zake mwenyewe, akaenda mbele akicheza pamoja na wengine. Nilimwona akifika kwenye kapu, akiinama. Alirudi. Tulipeana amani. Aliniambia "Amani ya Kristo" akinitazama usoni, na mkono wake ulikuwa wa moto. Kisha akaenda kupokea Ekaristia, mimi nikabaki katika nafasi yangu, na watu walinipita kwa kuruka miguu yangu.

Nje, kati ya umati, aliniuliza, "Nyingine iko wapi, Mwalimu?"

Nyumbani ananiita Baba. Mwalimu ananiita wazazi wa wanafunzi wakiwepo, au akiwa amechukizwa.

Nilimwambia yote tukiwa tunatembea. Hatukujua tunakwenda wapi; tulifuata tu barabara, tukapita njia ya reli, tukatokea mahali ambapo ule mlima mweusi unaonekana tena. Nilitumaini atapiga kelele. Kwetu mwanamke akipiga kelele watu hukusanyika, wazee huingilia kati, na jambo huwa la watu wote, na mwenye kosa hupata mahali pa kujificha ndani ya kelele hiyo. Yeye aliuliza maswali tu, moja baada ya jingine, kwa sauti ndogo. Lini ulianza? Ni nani mwingine anayejua? Nilidhani ataulizia pesa. Aliuliza hivi: "Kwa hiyo tungehamia huku. Mimi na mtoto na mama yangu aliye mgonjwa wa miguu. Na mimi ungeniambia siku gani?"

Sikuwa na siku.

"Ungeniambia ukiwa umekwisha kutia sahihi," alisema. "Ungesema ni Mungu aliyetufungulia."

Hilo ndilo neno lililoniumiza kuliko yote, kwa maana sentensi hiyo nilikuwa nimekwisha kuitunga, karibu neno kwa neno.

Jioni alimweleza mjomba wake. Ilikuwa haki yake. Katika ukoo wetu mjomba ndiye mwenye neno, na mimi niliketi kwenye kiti kifupi kama mshitakiwa. Mzee alisikiliza akizihesabu punje za rozari yake bila kusali. Kisha akaanza kusimulia habari za mwaka 1976, wakati Askofu Mkuu Kabanga alipoandika barua ya kichungaji iitwayo "Je suis un homme", akikemea wale wanaoipenda fedha na madaraka kuliko watu, katika siku ambazo kulitamka neno kama hilo katika Zaire ya Mobutu kulikuwa hatari. Mzee alikuwa kijana wakati huo. Alisema kwamba barua hiyo walipeana mkono kwa mkono, na kwamba kazini walijifungia katika behewa tupu ili kuisoma.

Nilidhani sasa atanihukumu kwa barua hiyo. Badala yake alinyamaza, akamwagia maji katika kikombe chake, akasema, "Mwanangu wa pili ana kazi kwa sababu nililipa. Nililipa kwa pesa ya pensheni. Kila mwezi ananiletea unga. Kila Kwaresima nasema nitaliungama jambo hili, na kila Kwaresima naona kwamba nikiliungama itanilazimu kulijutia, na unga ninao nyumbani."

Mke wangu alimtazama kana kwamba amemwona mtu mwingine. Hatukupata hukumu usiku ule. Tulilala na baridi, migongo imeelekeana, na saa nyingi baadaye nilisikia kwamba yeye pia hakulala.

Vijana, nimeulizwa mara nyingi katika mikutano yetu kama rushwa ni dhambi hata pale ambapo kila mtu anaitoa, na siku zote nilikuwa na jibu tayari. Jibu hilo silitoi tena upesi, ingawa halijabadilika. Nimeona jinsi linavyokuwa jepesi kinywani mwa mtu ambaye hajaona karatasi yenye nafasi tupu iliyoachwa kwa ajili ya jina lake.

Jumatatu asubuhi, wakati nchi ilipokuwa ikitimiza miaka 65 ya uhuru, mke wangu alifunga kitenge chake na kusema, "Twende kwa rafiki yako." Nilipiga simu mara nne, hakujibu. Lakini nilikuwa nimeijua mitaa anayokaa, na kwa kuulizauliza tulifika. Alitoka nje akiwa na nguo za ndani ya nyumba, bila koti, na kwa mara ya kwanza nikamwona kuwa ni mtu kama mimi, na nyumba ya kupanga, na watoto wawili wanaokohoa.

Nilisema ninaacha ile nafasi na ninaomba pesa yangu. Alishangaa, halafu akakasirika, halafu akaeleza kwamba sehemu imekwisha kupelekwa kwa mkubwa na haiwezi kurudi. Tulibishana kidogo. Mimi ningeondoka, aibu ilinishika. Ndipo mke wangu alipouliza, kwa heshima, akimwita shemeji: "Shemeji, nafasi hiyo kabla ya kuwa ya mume wangu ilikuwa ya nani?"

Yule bwana alifikiri kwamba ni swali la kawaida. Akajibu kwamba kulikuwa na kijana mmoja aliyefanya mtihani wao na kufaulu, wa kwanza kabisa, ila hakuwa na kitu mkononi.

Sikuwa nimejua. Hakuna aliyeniambia, nami sikuwa nimeuliza. Katika orodha ile nilikuwa nimeona nafasi tupu, sikufikiri kwamba kuna mtu aliyefutwa ili iwe tupu. Mke wangu hakumjibu neno. Alingoja tu, amesimama, mikono mbele, kama watu wanavyongoja zamu kwenye bomba la maji. Yule bwana aliingia ndani, akatoka na dola sitini, noti ndogondogo, mbili kati yake zimechanika.

Tulikwenda Kenya. Soko halikufungwa kabisa, ingawa ilikuwa sikukuu. Ile mashini ya mia na sabini ilikuwa imekwisha kuuzwa Dominika jioni kwa mwanamke kutoka Likasi. Tulinunua kichwa tu cha mashini nyingine, bila miguu wala meza, kwa dola mia moja na thelathini, na muuzaji akazikataa zile noti mbili zilizochanika mpaka shangazi wa jirani alipomgombeza. Tulirudi Kasenga usiku huo huo. Mke wangu aliipakata mashini mapajani njia nzima, amefunika kichwa cha chuma kwa kitenge ili vumbi lisiingie, na kila lori lilipoyumba aliikumbatia kama mtoto. Tulipofika Kasomeno, gizani, aliniambia kwamba taa za mji zilikuwa nzuri. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu tuondoke.

Meza ilitengenezwa na seremala wa parokia kwa ubao wa mtumbwi wa zamani. Inanukia samaki mvua ikinyesha, na mama wa Komunyo ya Kwanza wanalalamika, lakini sehemu ya tatu ya malipo haiendi tena kwa mtu mwingine.

Mwezi wa tisa nilisikia kwamba nafasi ile ya karani aliipata mtu wa huku kwetu, wala si yule kijana aliyefaulu mtihani. Amekwisha kununua pikipiki. Anapopita mbele ya shule, saa ambayo mimi nimeshika chaki na mshahara wa mwezi uliopita haujafika, siwezi kuwaambia kwamba moyo wangu hausemi kitu. Unasema. Nimemweleza Padri paroko mambo haya yote, kwanza katika kitubio na kisha nje yake, nikaomba kuacha kusimamia kikundi cha vijana. Aliniambia kwamba hilo siwezi kulikata peke yangu, kwanza niwaeleze ninyi, nanyi mseme kama mnataka kuendelea nami. Ndiyo sababu ya kurasa hizi.

Kasha limerudi mahali pake chini ya kitanda. Lina pesa kidogo, za nguo za Noeli. Ufunguo mke wangu anauvaa shingoni, kwenye uzi mmoja na medali ya Bikira Maria, na anapoinama juu ya mashini hivyo viwili hugongana. Sijauomba.